Kisa cha Saba cha Mwongozo wa Mifugo

Mmeniomba, ninyi mlioingia ofisini mimi nikitoka, niwaandikie tulivyokuwa tukiandika miongozo ya programu za kompyuta. Nitaandika. Msitarajie habari za vyeo, maana nilipanda kidogo na kwa kuchelewa, wala za mishahara, maana hizo mnazijua na kuzizungumza hakujawahi kumwongezea mtu. Maneno ya kutia moyo nayo sina. Siku ya kuniaga mlinipa kipaza sauti, nikasema asanteni, nikakaa, mkadhani nimezidiwa na furaha. Nilikuwa namfikiria mwanamke mmoja wa Kongwa.

Nilianza nikiwa mpiga chapa katika ofisi ya mifugo hapa Dodoma. Nilitokea Kondoa, nikapanga chumba Chang'ombe nyuma ya duka la mafuta ya taa, na mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta hayo nakumbuka ujana wangu, ambao haukunukia vizuri. Ilikuwa miaka ya kufungua kila kitu. Maduka yalifunguliwa, mipaka ilifunguliwa, midomo ilifunguliwa, na wafadhili wakafungua mlango wetu wakaingia na kompyuta mbili. Mkuu wa ofisi akazifunika vitambaa alivyodarizi mkewe, akafunga chumba, ufunguo akautia mfukoni. Alisema zinaogopa vumbi. Kitu kinachoogopa vumbi kingebaki Dar es Salaam, lakini nani angemwambia? Zilikaa na vitambaa vyake hadi alipokuja Elinami.

Elinami alikuwa mtaalamu wa kompyuta aliyeletwa na mradi, mtu wa Moshi, mwembamba, asiyeweza kunyamaza hata akiwa na tonge mdomoni. Alikuja na programu ya kusajili mifugo, na kompyuta nyingine za ofisi za wilaya. Akatueleza kuwa ni programu huria, yaani walioiandika wameiacha wazi: unaichukua bure, unaifungua ndani, unairekebisha upendavyo, sharti ni kwamba ulichorekebisha nawe ukiache wazi kwa wengine. Ofisi nzima ilicheka. Ilikuwa miaka ambayo hata maji ya kunywa yalianza kuuzwa kwenye chupa, na huyu anatuambia kuna watu huko Ulaya wanagawa kazi yao bure. Mhasibu alimwuliza wana matatizo gani nyumbani kwao.

Mimi nikapewa kuandika mwongozo wa Kiswahili kwa ajili ya makarani wa mifugo wa wilayani. Sababu yenyewe ni kwamba nilikuwa napiga chapa haraka. Siku ya kwanza nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta nikaandika kila nilichokiona, kutoka juu kushoto hadi chini kulia: kitufe hiki kinafanya hivi, menyu hii inafungua ile. Nilijaza kurasa nyingi na nikajiona msomi. Jioni nikazipeleka kwa Mzee Ndahani.

Mzee Ndahani alikuwa bwana mifugo wa siku nyingi, ameshakanyaga kila zizi kutoka Bahi hadi Mpwapwa, kwanza kwa baiskeli, baadaye kwa pikipiki aliyokuwa akiitukana kila asubuhi kabla haijawaka. Kompyuta hakuipenda, na hakulificha hilo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndiyo kitabu chenyewe?"

Alisoma ukurasa wa kwanza, akaruka katikati, akasoma wa mwisho.

"Binti, mtu yuko wapi?"

"Mtu gani, mzee?"

"Mtu yeyote. Humu umeandika vitufe. Karani wa Kongwa haamki asubuhi akasema leo nina hamu ya kubonyeza kitufe. Anafika kazini, anakuta mtu mlangoni. Nani huyo? Anataka nini? Ataondoka na nini mkononi? Andika hayo. Vitufe vitakuja vyenyewe."

Akanirudishia kurasa nusu. Nyingine alibaki nazo za kusokotea tumbaku. Nilinuna wiki nzima, halafu nikaanza upya.

Hivyo ndivyo tulivyoanza kuandika visa. Kisa cha kwanza, mfugaji amekuja kusema ng'ombe wake amekufa. Cha pili, mtu amenunua fahali mnadani na muuzaji ametoweka. Cha tatu, chanjo imekuja pungufu na karani lazima ajue mazizi yapi yatangulie. Kila kipengele cha programu nilikifundisha ndani ya shida ya mtu, na kipengele ambacho sikukipatia mtu mwenye shida nacho nilikiacha. Kila kisa nilikianza kwa salamu na habari za mvua, kwa sababu hapa hakuna mfugaji anayekwenda moja kwa moja kwenye jambo. Mkubwa mmoja wa mradi aliniuliza salamu zinahusiana vipi na kompyuta. Nilimjibu kuwa karani anayeanza kuandika kabla ya salamu hujibiwa uongo.

Kila kisa nilikijaribu kwa karani halisi, yeye peke yake mbele ya mashine, mimi nyuma yake nimekalia mikono yangu ili nisinyooshe kidole. Akikwama, kosa ni la ukurasa, siyo lake. Ninyi siku hizi mnamshikia mtu kipanya, mnabofya kwa niaba yake, halafu mnaandika kwenye ripoti kuwa amefuzu. Hajafuzu. Amewaangalia tu.

Kulikuwa na sheria moja ambayo Mzee Ndahani hakuniruhusu kuivunja hata kidogo. Visa vyote niviokote kwa watu wa kweli, lakini jina la mtu nisiliandike, wala kijiji chake. Mgogo hahesabu ng'ombe wake mbele za watu, na ukimwuliza ana wangapi atakwambia wapo wapo tu. "Amekufungulia zizi lake wewe," alisema. "Hajakutuma ukalitangaze." Niliona ni sheria nzuri. Naiona nzuri hadi leo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote nitakayowaeleza.

Kisa cha saba tulikiokota kwenye josho, katika kijiji kimoja ng'ambo ya Kongwa, siku ya kuogesha ng'ombe. Tulikwenda kwa Land Rover ya ofisi, mimi, Elinami na Mzee Ndahani, na karani wa pale, aliyekuwa akijaza fomu za kwenda kuingiza kwenye kompyuta, alikuwa amekwama na mama mmoja kwa muda mrefu hadi foleni nyuma ikaanza kupiga kelele. Mama huyo aliitwa Yudita, mjane, ana kitenge kifuani na fimbo mkononi, na ng'ombe wake wamesimama wametulia kuliko wa wanaume wote pale.

"Namwuliza mwenye mali nani," karani alituambia, "hataki kujibu."

"Nimejibu," alisema Yudita. "Ng'ombe ni wa Mzee Chibago. Ila ni wangu."

Elinami alicheka. Mzee Ndahani hakucheka. Akatueleza jambo ambalo kila mtu katika foleni ile alilijua isipokuwa sisi wawili na kompyuta. Mtu mwenye ng'ombe wengi huku haweki wote zizi moja. Anawagawa kwa marafiki wa vijiji vya mbali, ili ukame au ugonjwa ukipiga hapa, kule wabaki. Rafiki anawalea. Maziwa ni yake, samadi ni yake, na baada ya miaka, kwa jinsi walivyoelewana wao wawili, hupewa ndama awe wake kabisa. Mzee Chibago, wa kijiji kingine, alikuwa amewaweka ng'ombe kwa mume wa Yudita. Mume alikufa. Chibago hakuwaondoa, Yudita akaendelea kuwalea, na miongoni mwa ndama waliozaliwa, majike wawili wekundu walikuwa wameshatamkwa kuwa wa Yudita.

"Nikiwa na hao wawili," alituambia, "sitakwenda kuomba kwa mtu."

Sasa ile programu ilitengenezwa na watu wanaofuga ng'ombe wa maziwa kwenye baridi, ambako ng'ombe hulala kwa mwenyewe. Ilikuwa na nafasi moja tu ya jina. Karani akiandika Chibago, Yudita ni mchungaji asiye na kitu. Akiandika Yudita, amemwibia Chibago. Nilirudi Dodoma nikaandika kisa kama kinavyotakiwa kuwa, na siyo kama mashine ilivyoweza. Yudita nikamwita Mama Neema. Kijiji nikakiita Mtakuja. Mwisho wa kisa, karani anaandika majina mawili, la mwenye ng'ombe na la mlezi, anaandika na ndama wawili wekundu waliotolewa kwa mlezi, anachapisha karatasi, anampa kila mmoja yake.

"Hakuna nafasi ya jina la pili," alisema Elinami.

"Si ulituambia inafunguka ndani? Ifungue."

Akaifungua. Alihangaika nayo miezi, umeme ukikatika anatembea uani akijisemea peke yake. Alipomaliza, tuliwatumia wenye programu kwa barua pepe, pamoja na kisa changu alichokitafsiri. Waliuliza: je, huu ni ukodishaji? Nikamwambia siyo. Je, ni mkopo? Siyo. Je, mlezi ni mfanyakazi? Siyo. "Waambie ni urafiki," nikasema. Zikapita siku nyingi. Halafu wakajibu kwamba kwao jambo hilo halipo, lakini wamekielewa kisa, na kipengele wamekiingiza katika toleo jipya kwa neno letu lile lile, mlezi. Siku hiyo nilipika wali kwa nyama nikawaita wapangaji wenzangu wote. Nawaambia hivi ili mjue kuwa furaha ya kazi hii niliionja. Sikuzaliwa nimenuna.

Toleo jipya lilipofika Kongwa, Mzee Chibago alikuja mwenyewe kusajili, na nilikuwepo, nimekalia mikono yangu nyuma ya karani. Alikuja na Yudita. Alikuwa mzee mfupi mwenye kikohozi kibaya. Akatusalimu kwa Kigogo, mbukwenyi, habari za mvua, habari za watoto, ndipo akasema lililomleta.

"Wanangu wako mjini, wanafanya biashara," alisema. "Wanapenda mnada kuliko zizi. Nikifa watakuja na lori. Wale wengine ni wa kwangu, wachukue. Wale wekundu wawili ni wa huyu. Andika."

Karani akaandika kila kitu kwa kufuata kisa changu, hatua kwa hatua, bila kuniuliza hata neno. Sijawahi kuona ukurasa niliouandika ukifanya kazi vizuri namna ile. Ila hatua ya mwisho, ya kuchapisha karatasi, haikufanyika. Utepe wa printa ulikuwa umekwisha.

"Umeagizwa," karani alisema. "Ukija, nitawapelekea."

Haukuja. Kilichokuja ni barua ya kupunguza wafanyakazi. Serikali ilikuwa inapunguza, mashirika yanauzwa, na kila ofisi ilitakiwa kuonyesha kuwa imekonda. Karani wa Kongwa akaondoka, wakasema amekwenda kulima Morogoro. Mzee Ndahani akapewa siku za kukabidhi pikipiki; masika yaliyofuata tukamzika. Mradi ulipofika mwisho Elinami akaenda Dar es Salaam kuuza simu, nami nikabaki, kwa sababu ile ile, napiga chapa haraka.

Mradi mpya ukaja na mtaalamu mpya, kijana mpole mwenye tai, na programu ya kununua kwa sababu ile ya bure, alisema, haina mwenyewe. Nilimwambia mwenyewe ni sisi. Alitabasamu. Alihamisha majina yote kutoka programu ya zamani kwenda mpya, kisha akazifuta mashine. Nilimwuliza kuhusu walezi.

"Hiyo safu haikuwa na mahali pa kwenda, mama," alisema. "Lakini data zote muhimu zimehama."

Mzee Chibago alikufa baada ya mavuno. Wanawe walikuja na lori, kama alivyosema. Walichukua ng'ombe wote zizini kwa Yudita, wekundu wawili wakiwemo, ambao sasa walikuwa mitamba wanaokaribia kuzaa. Yudita akaenda kwa mtendaji, shauri likapelekwa baraza la kata, na ng'ombe wakazuiwa kwenye zizi la mnada hadi baraza liamue. Ofisi ya mifugo ikaombwa karatasi. Karatasi ikatoka, safi, imechapishwa na printa mpya yenye wino. Ilikuwa na jina moja.

Yudita alinitumia salamu kwa mtu wa mabasi. Nikaomba ruhusa, nikachukua mwongozo wangu, nikaenda. Sikuwa na kingine. Katika dunia nzima, mahali pekee palipokuwa pamebaki pameandikwa kwamba ng'ombe wale wana mlezi na mlezi ana ndama wawili wekundu, palikuwa ni Kisa cha Saba.

Wajumbe wa baraza hawakuwa watu wabaya. Desturi waliijua kuliko mimi, wawili wao nyumbani kwao walikuwa na ng'ombe wa watu. Lakini desturi haisemi idadi. Idadi ni siri ya wawili walioelewana, na mmoja alikuwa kaburini.

"Mama, ulikuwepo marehemu alipoyatamka hayo?" aliuliza mwenyekiti.

"Nilikuwepo."

"Yaliandikwa?"

"Yaliandikwa kwenye kompyuta, yakafutwa. Habari yenyewe ya ulezi niliiandika hapa."

"Tusomee."

Nikasoma. Mama Neema wa kijiji cha Mtakuja, mjane, anafika kwa karani na rafiki wa marehemu mumewe. Nilisoma hadi mwisho, na salamu zake, na mvua yake. Mtoto mkubwa wa Chibago akanyoosha mkono, kwa adabu kabisa.

"Naomba kuuliza. Mama Neema ni nani?"

"Ni Yudita huyu. Majina hubadilishwa."

"Na Mtakuja?"

"Ni hapa hapa."

"Na rafiki wa marehemu ni baba yetu?"

"Ni baba yenu."

"Basi ni hadithi," alisema, akakaa.

Katibu wa baraza alikigeuza kitabu changu, akaangalia jalada, lililosema kuwa ni mwongozo wa mafunzo. Akanitazama kwa huruma, na ile huruma sijaisahau. "Mama, mdomo wako unasema Yudita, karatasi yako inasema Neema. Tufuate kipi? Na hii ya serikali inasema Chibago."

Yudita alikuwa kwenye benchi nyuma yangu. Alinivuta mtandio.

"Si uliniambia ni mimi?"

"Ni wewe."

"Waambie."

"Nimewaambia, dada yangu."

Watu husema ng'ombe wa maskini hazai. Wale aliowalea Yudita walizaa, tena majike, na bado aliwakosa. Baraza lilifuata karatasi ya serikali. Nilirudi Dodoma, nikafanya kazi miaka mingine mingi, nikajenga Miyuji, nikaandika miongozo mingine ambayo mnaitumia. Humo sikuwahi kuandika jina la mtu, na nikirudishwa mwanzo nisingeandika. Ukiniuliza basi ningefanya nini, sijui. Nimekaa na swali hilo hadi nimestaafu nalo. Wanasema yaliyopita si ndwele. Kwangu mimi ni ndwele.

Wiki ile ya kuniaga, mmoja wenu alinionyesha kwenye simu yake kwamba programu ile huria bado ipo, inatumika nchi nyingi, na kipengele cha mlezi kimo. Hapa kwetu haipo. Mwongozo nao upo, na Kisa cha Saba kimetafsiriwa kwa lugha za watu wasiojua josho ni nini. Alifurahi kwa niaba yangu, na alikuwa na haki ya kufurahi. Zoezi linaisha vile vile nilivyoliandika. Karani anachapisha, Mama Neema anapokea karatasi yake, anaaga, anawaswaga ndama wake wawili kwenda nyumbani. Kila anayejifunza huko aliko, akifuata hatua vizuri, humfikisha.

Yudita alikuja barazani asubuhi ile na kamba mbili mpya za katani, amezisokota mwenyewe, kwa sababu alijua nikishasema atawafunga mitamba wake aondoke nao. Tulipotoka alisimama kwenye zizi la mnada, akawatazama kidogo, kisha akazikunja kamba zake akazitia kwapani. Mzee Ndahani alinifundisha nisimalize kisa kabla sijasema mtu ameondoka na nini mkononi. Aliondoka na kamba.